Tundu la Msumari Kwenye Mkanda wa Népomuscène

Naapa kwa mizani ya bandari ya Bujumbura, ambayo haikuwahi kumdanganya mtu isipokuwa yule aliyetaka mwenyewe kudanganywa: haya yote ni kweli tupu, kuanzia hapa hadi mwisho. Nimemweka rehani mbuzi wangu, Minista. Nimemwita hivyo kwa sababu anakula kutwa nzima na hakuna anayejua kazi yake. Atakayekuta uongo hata mmoja humu ndani, tutamchoma Minista mishikaki pale kwenye kabare ya Dative, kilabu chetu cha bia, na kamba nitaishika mwenyewe.

Mama Benite, mke wangu, aliposikia kiapo hicho alicheka hadi akaweka sufuria chini. Sikumuuliza sababu.

Basi. Ilikuwa wakati wa embago. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka kwa sababu ya vita vyetu, petroli ikawa inauzwa kwa chupa za bia, na sukari ikawa kitu cha kuwasimulia watoto. Milimani juu ya mtaa wa Musaga bunduki zililia karibu kila jioni, na saa za kuvrefe, za kutotoka nje, zilipofika hata mbwa walikuwa ndani. Mji mzima ulikonda. Waheshimiwa walitembea wameshika suruali kwa mkono mmoja na heshima kwa mkono mwingine. Padri wetu alikonda hadi kanzu ikawa inafika altareni kabla yake.

Mimi nilikuwa mtu wa mizani pale bandarini. Gunia linapanda, sindano inasimama, naita uzito kwa sauti, karani anaandika. Desturi ya kazi ile ni kwamba kinachomwagika chini ya mizani ni cha mtu wa mizani. Afagie, aende nacho. Mimi nilikuwa nafagia kwa ajili ya usafi tu. Nilipenda sana usafi.

Na pale bandarini kulikuwa na dekralan mmoja, wale wanaohangaika na karatasi za forodha mpaka mzigo wa tajiri utoke. Aliitwa Népomuscène. Alikuwa rafiki yangu mno, hatukuachana hata siku moja. Huyu alikuwa na tumbo. Sisemi kitambi, nasema tumbo. Akisimama gatini mchana, wapakuzi walikuja kupumzika kivulini mwake. Siku aliyokanyaga boti ya Kigoma kukagua mzigo, upande wa pili uliinuka juu hadi tukawaona samaki waliokuwa wamelala chini yake, wakipepesa macho kwa jua.

Zamani tumbo kama lile lilikuwa cheo. Watu walilisalimia kwanza, kisha mwenyewe. Lakini wakati wa embago liligeuka ushahidi. Kila lilipopita, watu walinong'ona: anakula nini huyu? Naye, masikini, alikula maharagwe na lengalenga kama sisi wote. Hilo naliapia mara ya pili.

Sasa Népomuscène alikuwa amempenda Nella, mkunga katika zahanati moja ya Musaga, mwanamke mwenye macho ya kucheka na ulimi usiocheka. Nella alilelewa na baba yake mdogo, Xavier, mwalimu mstaafu, aliyekuwa amekonda kwa hasira kuliko kwa njaa. Siku Népomuscène alipokwenda kujitambulisha, mzee hakumkaribisha hata kiti. Alifunua shati, akaonyesha mkanda wake.

"We mutu wa bandari, unaona hili tundu? Nimetoboa mwenyewe. Jirani yangu pale ametoboa mawili. Musaga yote tumetoboa. We hujatoboa. Kwa nini?"

"Ni maumbile, baba mukwe."

"Usiniite baba mukwe! Maumbile yako hayajasikia embago? Tumbo namna hii wakati huu linakula kitu kimoja tu: sukari yetu. Leta huo mukanda."

Népomuscène akavua mkanda, akabaki ameshika suruali. Mzee alichukua msumari aliokuwa ameung'oa kwenye dawati la shule, akachukua jiwe, akapiga. Tundu likatoka limepinda, limechanika pembeni kama nyota, na lilikuwa ndani kabisa, mbali na matundu ya kiwandani kwa zaidi ya shubiri.

"Jumamosi ya baada ya Pasaka uje na watu wako kuposa. Mukanda ukifunga hapa, mutoto ni wako. Ukikataa, nitakuwa nimejua sukari ya Musaga imelala wapi."

Nella alimsindikiza hadi barabarani, kama ilivyo adabu.

"Ujitahidi, weye. Kuna mwingine amekuja kuniuliza juzi."

"Mwingine nani?"

"Mwalimu. Baba mudogo anamupenda. Ni mwembamba."

"Mwembamba namna gani?"

"Kama fagio."

Usiku ule Népomuscène hakulala, na kitanda chake kikapata nafuu ya kutolaliwa.

Kwaresima ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Pale ofisini alikuwapo Odette, karani aliyewahi kukaa Ulaya miezi michache na hakuacha kurudi kutoka huko. Odette ndiye aliyemweleza kuhusu rejimu. Usile ugali, usile karanga, bia usiione hata kwenye tangazo. Asubuhi maji ya moto na ndimu. Na juu yake umeze vidonge vya kuchoma mafuta, ambavyo kule Bruseli, alisema, watu wanavinunua kama sisi tunavyonunua chumvi.

Népomuscène akaenda kwa Mwavita. Mama huyu alikuwa amekimbia vita vya Uvira, akatandika kitambaa chake nje ya geti la bandari: sabuni, sindano, nyembe, na dawa za kila ugonjwa unaoujua na mingine ambayo alikuwa anakufundisha.

"Niko na ya kunenepa, papa," akamwambia. "Wamama wote wa hapa wananunua hii."

"Apana. Mi nataka ya kukonda."

Mwavita akamtazama kutoka juu, akashuka, akapumzika katikati, akaendelea hadi chini.

"We uko muzima? Watu wote wanakonda bure, we unataka kulipa?"

"Ya kuchoma mafuta, mama."

"Mafuta! Muji muzima unatafuta mafuta, we unataka kuyachoma!"

Lakini Mwavita alikuwa mfanyabiashara, na neno "sina" hakulibeba alipokimbia Uvira. Alimwambia arudi kesho. Kesho yake akamtolea mkebe mdogo wenye vidonge vyeupe.

Népomuscène alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. "Onja kwanza."

Hapa wageni wanielewe. Kwetu mtu hakupi kinywaji bila kuonja yeye kwanza. Hata bia, mwenye nyumba anapiga funda moja mbele yako, ndipo anakukabidhi. Zamani ilikuwa adabu, na wakati wa vita ikawa tahadhari. Mwavita hakubisha. Akameza kimoja, akafungua mdomo, akainua ulimi, akaonyesha kote. Népomuscène naye akameza chake. Na kwa kuwa hakutaka kulaza dawa nyumbani ambako mtu angeweza kuigusa, walikubaliana mkebe ukae kwa Mwavita. Kila asubuhi atapita, mama ameze kimoja, yeye ameze kimoja, wasalimiane.

Siku za kwanza alishika rejimu kama askari. Saa sita wenzake wanakula, yeye anakunywa ndimu huku uso umegeukia ziwani. Lakini njaa iliyomshika haikuwa njaa ya Kwaresima. Ilikuwa na kucha. Aliliangalia gunia la maharagwe kwa namna ambayo mtu hapaswi kumwangalia mke wa jirani. Siku moja alikula chakula chake, akala cha Namegabe mpakuzi, akala cha gengi zima la Namegabe, na walipomkuta analamba grisi kwenye mnyororo wa kreni, akasema anaikagua.

Na huko nje nani angemwachia afanye rejimu? Ukienda msibani unapewa bia. Ukimsalimia shangazi unapewa sahani. Alipojaribu kukataa maharagwe kwao Nella, shangazi yake, Dévote, alisimama katikati ya nyumba mikono kiunoni.

"Anaogopa tumemutilia sumu? Nimeonja mbele yake! Mutu akikataa chakula nimeonja, anasema mi ni muuaji!"

Ikabidi ale sahani tatu ili kusafisha jina la shangazi.

Kila Ijumaa nilimpandisha kwenye mizani ya magunia. Ijumaa ya kwanza sindano ilipanda. Ya pili ikapanda tena. Ya tatu mizani ikalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

"Mizani hii ni mbovu," akasema.

"Mizani hii ni ya serikali."

"Ndicho nimesema."

Akaenda kumwona Mwavita kwa hasira. Mama naye, ukimtazama, kitenge kilikuwa kinaanza kumkataa pembeni. Lakini hakuyumba.

"Papa, we unafagiaka nyumba? Takataka ikiwa imesambaa, unaweza kuichoma? Apana. Unakusanya kwanza, unaweka mahali pamoja, njo unawasha. Dawa bado inakusanya."

Népomuscène alirudi ameridhika, na mimi nikaridhika, maana mambo ya kufagia nayajua.

Juma la Pasaka lilipofika, mafuta yalikuwa yamekusanyika vya kutosha kuwasha mji mzima. Jioni moja, akirudi kutoka Musaga, wanajeshi wa kizuizi walimsimamisha. Wakati ule wenye magendo walificha bidoni, madumu ya petroli, hata chini ya mtoto mchanga, na koti lake lilikuwa limebenuka mbele vibaya.

"Fungua koti! Bidoni ngapi?"

"Apana bidoni, shefu. Ni mimi."

Askari mmoja akaligonga tumbo kwa kidole, akatega sikio. Akaligonga tena chini kidogo. Kisha akainua shati, akamulika kwa tochi, akamgeukia mkubwa wake.

"Shefu, bidoni hii iko na kitovu."

Walimwachia apite, lakini mkubwa alimwambia maneno ambayo hakuyasahau: "Mutu akikuona, muzee, anaelewa kwa nini sisi hatujalipwa."

Jumamosi ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya Musaga tope. Népomuscène alikwenda na wazee wake, amevaa suti, na chini ya suti mkanda haukufunga hata kwenye tundu la mwisho kabisa la kiwandani; alikuwa ameuunganisha kwa kipande cha kamba ya kufungia magunia. Nyuma alikuja Mwavita, aliyealikwa kwa kuwa alikuwa kama daktari wake. Mama alitembea kwa upande ili apite kwenye geti.

Wakakaa. Bia ya ndizi ikaja, mwenye nyumba akaonja, wakapokezana. Msemaji wa upande wetu akaanza maneno mazuri ya kutafuta mche wa kupanda nyumbani kwetu, msemaji wao akajibu kwamba miche ipo lakini wakulima siku hizi ni wengi. Kwenye pembe alikuwa amekaa mwalimu yule, fagio, amekuja "kusalimia tu". Mzee Xavier hakusikiliza miche wala wakulima. Alikuwa anaangalia vifungo vya koti la Népomuscène, vilivyokuwa vinaomba msaada.

"Maneno yatosha," akasema mzee. "Asimame aonyeshe mukanda."

Nella, aliyekuwa mlangoni mwa chumba cha nyuma na shangazi yake, aliinamisha kichwa. Népomuscène akasimama. Akaweka mkono kwenye kifungo.

Na hapo hapo milimani kukapasuka. Si mbali kama kila siku. Karibu, juu ya mapaa. Nyumba nzima ikasimama mara moja, wote wakikimbilia chumba cha nyuma chenye kuta za matofali. Mwalimu fagio alifika wa kwanza, aliruka juu ya shangazi. Wakaingia wazee, wakaingia wasemaji wakiwa bado na mirija ya bia, akasukumwa Mwavita kwa nguvu ya watu wote. Wa mwisho akaja Népomuscène. Akaingia nusu. Nusu nyingine ikabaki sebuleni.

Mlango ulimshika kiunoni kama kizibo. Wa ndani wakamvuta mikono, hakuja. Na ndipo risasi ilipotoboa bati la sebule, ikaja moja kwa moja mlangoni pale walipokuwa wamejazana. Ilimpata Népomuscène nyuma, ikaingia kwenye mafuta yaliyokusanywa Kwaresima nzima, ikazunguka, ikatafuta njia, ikachoka. Walioikuta baadaye walisema ilikuwa baridi kabisa, imetulia, kama harage kwenye ugali. Hakutoka damu hata ya kujaza kijiko.

Bunduki zilipotulia walimvuta kwa pamoja, shangazi akihesabu. Alipochomoka, kamba ikakatika, mkanda ukaanguka, na kutoka mfukoni mwa koti ukadondoka mkebe, ambao Mwavita alikuwa amempa siku ile kwa heshima ya posa. Ukabiringika hadi miguuni kwa Nella.

Nella akauokota. Akakinusa kidonge kimoja, akakilamba. Mkunga huyu, kumbuka.

"Nani anameza hivi?"

"Ni mimi," akasema Népomuscène, amekaa sakafuni, suruali mkononi. "Ni vya kuchoma mafuta. Nimemeza kwa ajili yako tangu Kwaresima ianze."

"Hivi tunapa watoto wanaokataa kula! Ni vya kuleta hamu ya chakula!"

Watu wote wakamgeukia Mwavita, kitu ambacho hakikuwa kigumu, maana alikuwa amejaza nusu ya chumba.

"Mi nilifikiri vizuri," akasema. "Mwembamba anameza, anakuwa munene, nimeona kwa macho. Kwa hiyo hii dawa inarudisha mutu katikati. Munene naye akimeza, atashuka, mpaka katikati. Na mi nimeonja kila siku! Mutu anayedanganya anaonjaka?"



Mzee Xavier aliuchukua mkebe, akautazama, akamtazama Népomuscène, akamtazama mwalimu aliyekuwa bado chini ya kitanda. Uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu mipaka ifungwe.

"Kumbe si sukari," akasema. "Kumbe ni dawa. Mutoto wa watu amenenepa kwa kutaka kukonda."

Akainama, akaokota mkanda, akaomba jiwe. Akatoa msumari ule ule. Safari hii akatoboa kwenye ncha kabisa, mahali ambapo ngozi ilikuwa karibu kuisha.

"Funga hapa, mukwe wangu. Mulango wangu umezibwa vizuri."

Wakaoana kabla ya mvua kwisha. Na hiyo ndiyo kweli yote.

Hapo ndipo nilipofika nikiwasomea wenzangu Jumapili kwenye kabare ya Dative, nikaikunja karatasi nikingoja kupongezwa. Haya yanayofuata naandika kwa sababu Mama Benite amekaa hapa kando yangu na hajaondoka.

Twalibu fundi cherehani ndiye aliyeanza. Mtu huyu haamini hata kipimo alichopima mwenyewe.

"Baba Benite, hiyo risasi..."

"Risasi ipo. Usiiguse risasi."

"Na huyo Népomuscène yuko wapi siku hizi?"

"Alihamia Kigoma zamani."

"Amehamia Kigoma?" Sauti ilitoka mlangoni. Mama Benite alikuwa amesimama pale, sijui tangu lini. Mkono mmoja alikuwa na kisu, mkono mwingine chumvi. "Népomuscène wa mizani amehamia Kigoma, na mi nimelala na nani jana?"

Kabare nzima ikanigeukia. Kila mtu pale ananijua kwa jina la Baba Benite, na mke wangu kwa jina la Mama Benite. Majina tuliyobatizwa nayo tulikuwa tumeyaacha yapumzike tangu binti yetu azaliwe.

"Mi ndiye Nella," akasema kwa wote. "Na hakukuwa na dekralan yeyote. Alikuwa mutu wa mizani, huyu huyu. Maharagwe na lengalenga, eti! Sukari ya chini ya mizani alikuwa anafagia kila jioni, na akifika nyumbani kwake anakula kwa kijiko. Baba mudogo amekufa anaamini ni vidonge."

"Mke wangu, hilo la sukari ni la usafi..."

"Risasi ilipiga ukuta! Yeye alipata mukwaruzo wa mulango! Nimemupaka mafuta mi mwenyewe!"

"Ushahidi!" nikasema. Nilikuwa na haki ya kudai ushahidi. Mbuzi ni mbuzi.

Akanijia, akanifunua shati mbele ya watu. Twalibu akasogea na miwani yake ya kazi, akainama kwenye kiuno changu kama anayepima suruali. Mkanda niliovaa una matundu ya kiwandani, umepauka kwa miaka. Kwenye ncha kuna tundu moja la msumari. Na ndani kabisa kuna jingine, limepinda, limechanika pembeni kama nyota.

"Iko!" akapiga kelele Twalibu. "Nyota iko!"

"Angalia anafunga wapi," akasema Mama Benite.

Siku hizi nimekonda, sina kidonge, sina rejimu; ni uzee tu umefanya kazi yake bila malipo. Pini ya mkanda ilikuwa imekaa ndani ya nyota, imetulia, kama vile mzee Xavier alivyotaka.

Mama Benite alikigusa kile kitundu kwa kidole, kidogo tu. "Amechelewa posa," akasema. Kisha akamgeukia Dative: "Makaa yako tayari?"

Yalikuwa tayari. Yalikuwa tayari tangu ukurasa wa kwanza. Mwanamke huyu alikuwa amepanga na Dative tangu siku ya kiapo. Kamba niliishika mwenyewe kama nilivyoahidi. Minista alinitazama kwa namna ambayo sitaieleza, asije mtu akasema nimeongeza.

Mishikaki ilipoiva, sahani ikazunguka meza nzima na hakuna aliyegusa. Wote walikuwa wananingoja mimi.

"Onja kwanza," akasema Twalibu.

Nikaonja. Alikuwa mtamu. Nikaonja tena ili kuwa na hakika, na mara ya tatu kwa ajili ya heshima ya wageni, na hapo mkanda ukaanza kunibana kwenye tundu la Baba Xavier.